Plagi Ina Pini Ngapi?

Kama umewahi kupita ukumbini Alhamisi jioni bendi yetu ikifanya mazoezi, basi ile sauti unaijua. Siongelei wimbo. Naongelea ule mvumo uliokuwa unaanza mara tu nikichomeka besi, mmmmm, kama friji ya duka la soda. Wenzangu walishauzoea. Mpiga kinanda alikuwa anatania kwamba ndiyo noti yetu ya kuanzia, na kiukweli ni noti. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde. G ya freti ya tatu kwenye uzi mnene wa besi ni herzi 49. Kwa hiyo mvumo ule ni G iliyopanda kidogo, karibu theluthi ya nusu toni. Tukipiga wimbo wa ufunguo wa G, nilikuwa nasikia G yangu na G ya gridi ya taifa zikisukumana, na mwenye kushindwa nilikuwa mimi.

Jamaa wa miksa, ambaye ana jibu la kila kitu, akaniambia: "Dada, hiyo besi imechoka. Badilisha pikapu." Hapa naomba mnielewe, pikapu si lile gari la kubebea mchanga. Ni kile kibao cheusi kilicho chini ya nyuzi za gitaa. Ndani yake kuna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unayumba, na waya unazaa volti kidogo sana ambazo ampilifaya inazikuza. Ni ile kanuni ya Faraday ya mwaka 1831. Mimi nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, nimeimeza hiyo kanuni mwaka wa kwanza, nimeitapika kwenye UE, nimepata B. Mkumbuke hiyo B, maana mbele huko itanitia aibu.

Shida ilikuwa moja: besi si yangu. Ni ya mjomba.

Mjomba alipiga besi kwenye bendi ya dansi miaka ya themanini, bendi iliyokuwa chini ya taasisi fulani ambayo sitaitaja. Zama hizo wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa kama makarani, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Unaweza kupiga besi miaka kumi nchi nzima ikakujua, halafu ukiacha kazi unarudi nyumbani na vidole vyako tu. Mjomba aliponea hapo. Bendi yake ilipovunjika alikuwa anadai mishahara ya miezi minne, akapewa besi badala ya fedha. Mama anasema mke wake alilia siku hiyo, na halii kwa furaha.

Nilipopata nafasi ya chuo alinikabidhi kwa mikono miwili. Shikamoo, marahaba, akaniangalia, akasema, "Mpwa wangu, mpige unavyotaka. Ila usimfungue." Yeye huiita besi "yeye", kama mtu. Sikuuliza kwa nini nisifungue. Nilidhani ni yale mambo ya wazee na vitu vyao, kama redio ya babu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kugusa stesheni.

Bumu likaingia Novemba. Wenzangu mnajua mtu akiona ujumbe wa benki anavyobadilika sura. Nilikuwa nimejiwekea bajeti nzuri kabisa, ya chakula na ya kutoa kopi, na usiku huohuo nikaagiza kutoka China pikapu mpya pamoja na kibao kidogo cha kielektroniki chenye kutumia betri, kile ambacho mafundi wa gitaa wanakiita priampu. Jumla ilikaribia laki moja na nusu. Nilijiambia kwamba ni uwekezaji. Desemba nzima nilikula wali maharage bila hata mchicha, na kila nikimeza tonge nilikuwa najiambia tena kwamba ni uwekezaji.

Mzigo ulipofika nikafunga mlango wa chumba hosteli, nikalegeza nyuzi, nikafungua skrubu za lile bamba la plastiki moja moja. Wenzangu wa chumbani walikaa kitandani wakiangalia kama tunapasua mtu.

Ndani kulikuwa na mambo machache kuliko nilivyotarajia. Hili linashangaza watu wengi, gitaa la aina hii halina kitu ndani. Mwaka 1951 Leo Fender, aliyewahi kuwa na duka la kutengeneza redio kule Fullerton, California, na ambaye gitaa lenyewe hakujua kulipiga, alitoa besi ya kwanza ya umeme iliyouzwa kwa wingi, Precision. Mwaka 1957 akaibadilishia pikapu, akaigawa vipande viwili. Besi ya mjomba ni nakala ya hiyo, jina la mtengenezaji limeshafutika kichwani. Ndani ni pikapu, vile vizungushio viwili, kimoja cha sauti na kingine cha toni, kapasita moja ya rangi ya maziwa ya kahawa, na tundu la jeki. Waya kama sita. Nimeona kiberiti cha taa ya gesi chenye mambo mengi zaidi.

Kapasita ile inastahili sentensi mbili. Ukizungusha toni, sauti za juu zinapitishwa kwenye kapasita na kwenda kumwagwa kwenye ethi, zinabaki zile nzito. Ndiyo maana besi ikifungwa toni inakuwa na sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Kawaida ni mikrofaradi 0.047, na kitu cha bei ya soda moja kinaamua nusu ya tabia ya gitaa.

Basi nikashika chuma cha kuchomelea, nilichoazima kwa jamaa wa uhandisi, kwa mara ya kwanza maishani. Nikatoa pikapu ya zamani. Kipande cha kwanza kilitoka vizuri. Cha pili kiling'ang'ania kwenye shimo lake, nikaingiza bisibisi ubavuni ili nikichokonoe. Kikatoka. Na bisibisi ikatoka na kitu kama utando wa buibui kwenye ncha yake, cha rangi ya shaba, kinang'aa.

Mwenzangu mmoja akauliza, "Hicho ni nini?"

Nikamjibu, "Vumbi."

Niliweka mita kwenye miguu ya pikapu nikaona ile 1 inayokaa peke yake upande wa kushoto, ambayo maana yake ni kwamba hakuna njia. Na kwa kuwa vipande viwili vya pikapu hii vimeunganishwa kwa mfululizo, kimoja kikikatika vyote vinanyamaza. Pikapu iliyopiga dansi miaka yote hiyo niliua mimi, saa nne usiku, hosteli, nikiwa nimevaa ndala. Nikaifunga kwenye soksi, nikaiweka chini ya begi.

Ile mpya niliichomelea kwa kufuata mchoro. Ilipowaka, jamani, ilinguruma. Zile nyuzi za juu zilikuwa na makali ambayo besi haikuwa nayo, na kibao cha betri kilikuwa kinaniruhusu kuongeza sauti nzito hadi meza inatetemeka. Kwa dakika kama mbili nilisahau soksi.

Halafu nikaacha kupiga, nikasikia mmmmm. G ileile, na safari hii ilikuwa na nguvu zaidi, maana priampu haichagui cha kukuza.

Sasa ile B yangu. Mwaka 1957 pikapu iligawanywa vipande viwili na kufanywa hivi: kipande kimoja kinasikiliza nyuzi mbili nene, kingine nyuzi mbili nyembamba. Sumaku za kimoja zimegeuzwa, na koili yake imeunganishwa kinyume cha mwenzake. Kwa uzi, kinyume cha kinyume ni sawa, kwa hiyo sauti inabaki. Lakini mvumo wa umeme unaotoka hewani haujali sumaku, unaingia kwenye koili zote mbili kwa pamoja, na kwa kuwa zimepingana, unajifuta. Yaani pikapu niliyoitoa haikuwa na uwezo wa kuleta ule mvumo kwa kiasi kile, na niliyoiweka haikuwa na uwezo wa kuuondoa. Swali la namna hiyo, koili mbili zinazopingana, nililijibu kwenye mtihani. Kwenye karatasi nilijua, kwenye meza nilitoa laki na nusu.

Usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza ndipo nilipojifunza habari ya betri. Kwenye gitaa la aina hii hakuna swichi ya kuwasha. Ukichomeka waya kwenye tundu la jeki, betri ya volti 9 inaunganika na kuanza kazi, ukiuchomoa inapumzika. Mimi baada ya majaribio ya sauti mchana niliuacha waya umechomekwa, nikaenda kula. Na siku nyingine kabla ya hapo pia, nadhani wiki nzima. Wimbo wa tatu, sauti ikaanza kukwaruza kama spika iliyochanika. Nikajifanya ni mtindo. Beti la pili ikakata kabisa. Nilisimama mbele ya umati ule nikiendelea kusogeza vidole, mpiga kinanda akajaza kwa mkono wa kushoto, Mungu ambariki, na sikuona mtu wa mwaka wa kwanza hata mmoja aliyegundua. Hilo nalo liliniuma kwa namna yake. Wapiga besi wataelewa.

Siku ya Jumamosi nikabeba besi na soksi yangu hadi Kariakoo. Kuna mzee anakaa chini ya ngazi ya jengo moja anatengeneza redio na ampilifaya. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama gitaa ni la kaka. Nikamwambia ni langu. Akasema, "Haya mwanangu, tuone."

Kwanza aliangalia soksi. Aliweka lenzi jichoni, ile ya mafundi saa, akakaa kimya kwa muda mrefu sana akigeuza kile kipande kwenye mwanga. Akanieleza kwamba kama waya umekatika katikati ya koili, hapo hakuna la kufanya ila kusuka upya, na wasukaji wa mota za feni waya mwembamba hivyo hawana. Lakini bisibisi kwa kawaida huanza na waya wa nje. Akapata ncha. Akaondoa mzunguko mmoja uliojeruhiwa, akaunguza vanishi kwa ncha ya chuma, akaufunga kwenye mguu wa pikapu kwa tone dogo la risasi. Mita ikaruka kutoka ile 1 hadi kilo-omu kumi na pointi kidogo. Nilitaka kumkumbatia. Akaniambia nisipumue juu ya meza yake.

Halafu akageukia mvumo. Hakugusa pikapu wala priampu. Aliniambia nichomeke kwenye ampilifaya yake, nishike nyuzi, niachie, nishike, niachie. Mvumo haukubadilika. "Unaona? Ukishika nyuzi ungetakiwa upungue. Nyuzi zako hazina ethi." Mwili wa mtu unadaka mvumo kama antena, na mpigaji ndiye yuko karibu na pikapu kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo chini ya daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi, huwa kuna waya mmoja unaokwenda kwenye ethi ya gitaa. Mkono ukigusa nyuzi, mwili nao unaunganishwa, unanyamaza. Alivuta lile daraja, akauonyesha. Ulikuwa pale, umekatwa. Haukuvunjika kwa uchakavu. Ulikuwa umekatwa safi, na ncha yake imekunjwa na kufichwa chini ya mbao.

Mzee akasema labda fundi aliyetangulia alisahau. Akaunganisha. Mvumo ukashuka papo hapo, ukabaki kama mtu anayepumua chumba cha pili. Kazi yote, elfu nane. Ukijumlisha na kapu la aibu, laki moja na hamsini na nane.

Kabla ya mazoezi kuanza tena nikaenda Morogoro kwa mapumziko, na besi mgongoni. Nilikuwa nimeamua kumwambia mjomba. Nilipanga maneno kwenye basi kuanzia Kibaha hadi Chalinze. Baada ya chakula, wakati wanawake wengine wanaosha vyombo na mimi nimekimbia zamu yangu, nikakaa naye barazani nikamwambia yote. Kwamba nilifungua, nikakata waya wa pikapu, nikaificha kwenye soksi, imepona, imerudi mahali pake. Alisikiliza huku anang'ata kijiti cha meno. Alipofika kwenye soksi alicheka.

"Pikapu hiyo wala si yake ya kuzaliwa," akasema. "Ya kuzaliwa ilikufa Dodoma. Hiyo nilitoa kwenye gitaa lingine."

Nikapata nguvu. Nikamalizia na habari njema, kwamba fundi ameona waya wa daraja umekatika, ameuunganisha, na mvumo umekwisha.

Kijiti kikasimama.

"Mwenye kuukata ni mimi," akasema. "Kwa wembe. Umeshampiga tangu ameunganishwa?"

"Bado, mjomba. Kwa fundi tu."

"Hiyo ampilifaya yenu ya chuo. Plagi ina pini ngapi?"

Sikujua. Nimechomeka ile plagi miaka miwili na sikujua.

Akanisimulia. Walikuwa wanapiga baa moja ya mkoani, umeme wa jenereta, waya zimetandikwa kwenye majani yenye maji. Alikuwa akiitikia kwenye korasi, mkono umeshika nyuzi, akasogeza midomo kwenye maikrofoni. Nyuzi zilikuwa zimeunganishwa na ampilifaya moja, maikrofoni na nyingine, na kati ya hizo mbili kulikuwa na umeme unaotafuta njia. Njia ikawa yeye. Alirushwa nyuma hadi kwenye ngoma. Alipoamka mdomo ulikuwa umevimba na kidole cha shahada kina alama nyeusi, ambayo alinionyesha, bado ipo ukitazama vizuri. Asubuhi yake alifungua besi akakata ule waya. Mvumo ukaongezeka, kiongozi wa bendi akalalamika, yeye akanyamaza miaka yote. Alichagua mvumo.

Hizi si hadithi za wazee. Mwezi Mei mwaka 1972, kule Swansea, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alishika maikrofoni isiyo na ethi jukwaani, akafa.

Nilirudi chuoni siku mbili kabla ya wengine, nikachukua ufunguo wa ukumbi, nikaenda moja kwa moja nyuma ya ampilifaya. Plagi ilikuwa ya pini mbili. Mtu fulani, zamani, aliondoa ile ya pini tatu, na ili hii iingie kwenye soketi zetu, kwenye tundu la juu alikuwa amechomeka kalamu. Kalamu ya wino, ya bluu, bado na kifuniko. Msinicheke, hata chumbani kwangu tunafanya hivyohivyo na chaja. Lile tundu la juu tunaloliziba kwa kalamu ndiyo ethi yenyewe.

Nikachomeka kila kitu kama kawaida bila kugusa nyuzi, nikachukua mita, mkono mmoja mfukoni kama tulivyofundishwa maabara, nikaweka ncha moja kwenye daraja la besi na nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Volti 97. Najua, mita za aina hii husoma hata umeme usio na nguvu ya kusukuma chochote, na huenda ningeishia kuruka tu na kutukana. Huenda.

Fundi umeme wa chuo alikuja baada ya siku nne na barua mbili. Alibadilisha waya mzima wa ampilifaya, akaweka plagi ya pini tatu, akapima soketi za ukumbi na kukuta mbili ambazo ethi yake haifiki popote. Hizo tumezifunga kwa plasta. Siku hizi miksa na ampilifaya zinatumia soketi moja. Nikapima tena daraja na maikrofoni, 0.2. Yule mzee wa Kariakoo naye nilimrudia, nikamsimulia, akatikisa kichwa, akaukata tena waya wa daraja na katikati yake akaweka rezista na kapasita ndogo ya volti nyingi. Mvumo unapita hapo bila shida, lakini umeme mkubwa ukija kutafuta njia unabanwa. Si kinga ya kila kitu, alisisitiza, kwa hiyo bado napima kabla ya kila onyesho na wenzangu wananiita Mama TANESCO.

Priampu na pikapu mpya niliziuza kwa kijana wa mwaka wa kwanza mwenye besi nyingine. Nilimwambia bei niliyonunulia, nikamwambia na habari za betri, akanunua hivyohivyo. Si vitu vibaya. Mtu anayepiga kwenye kumbi zisizo na miksa nzuri, au anayetumia nyaya ndefu sana, atavipenda. Lakini miksa yetu ina vizungushio vyote vitatu, vya sauti nzito, ya kati na ya juu, na nilikuwa nimelipia kitu ambacho kiko mita tatu kutoka nilipo. Mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia anunue waya mzuri, asafishe vile vizungushio vinavyokwaruza, apake foili ndani ya shimo la gitaa na kuiunganisha na ethi, halafu ndiyo aje tuongelee pikapu. Wengi hawarudi kuongelea pikapu.

Alhamisi iliyopita nilimpigia mjomba nikaweka simu juu ya spika. Kwanza nikaacha ukimya kidogo ili asikie kwamba hakuna mvumo. Kisha nikapiga nyuzi nne, moja moja, taratibu. Simu haiwezi kutoa herzi 41 za ile E, spika yake ni ndogo mno, lakini sikio linaokota vivuli vya juu vya noti na kujaza lenyewe.

Akakaa kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mjomba?"

"Nakusikia," akasema. "Hiyo A imeshuka. Ikaze."